Kimo cha Msonobari Chasema Nini juu ya Ardhi?

Ukitaka kujua shamba lipi linafaa misonobari, utatazama nini? Wengi wetu hutazama unene. Mti mnene, shamba zuri! La hasha. Unene hutegemea sana nafasi baina ya miti. Ikisongamana huwa myembamba hata penye rutuba, ikipunguzwa, hunenepa. Lakini kimo cha ile iliyo mirefu zaidi hakibadilishwi sana na msongamano. Ndiyo maana wataalamu wa misitu hupima miti 100 iliyo mirefu kabisa katika hektari, kisha huuliza: ikifika umri fulani, tuseme miaka 15, itakuwa na mita ngapi? Jibu ndilo daraja la ardhi hiyo.

Mjomba wangu ana vipande viwili vya patula, msonobari wenye asili ya Mexico. Vilipandwa msimu mmoja, miaka 12 iliyopita, kwa miche ya kitalu kimoja. Cha bondeni kimestawi, cha kilimani kimedumaa. Mjomba alitaka kumfuta kazi mzee anayevitunza vyote viwili, ati kule juu hakupalilia.

Mimi na binamu yangu tukachukua kamba na kipimapembe. Tulisimama mita 20 kutoka shinani, pahali palipo sawa na mti (kwenye mteremko hesabu hii itakudanganya). Bondeni, pembe kutoka jichoni hadi kileleni ilikuwa digrii 40. Tanjenti yake ni 0.839. Zidisha kwa 20 upate 16.8, ongeza mita 1.5 za kimo cha macho yangu: mita 18.3. Kilimani pembe ilikuwa digrii 31, yaani mita 13.5 tu.

Namba hizo peke yake hazikumtetea mzee, kwani magugu pia hudumaza miche. Basi tukachimba. Bondeni tulifika kiunoni na bado ni udongo mweusi. Kilimani jembe liligonga mwamba kabla shimo halijafika magotini! Mjomba alinyamaza kimya. Mzee angali kazini.

Je, na umri usipolingana? Msonobari hurefuka polepole mwanzoni, halafu mbio, halafu hupunguza mwendo. Kila daraja la ardhi lina mstari wake kwenye grafu. Fuata mstari huo hadi miaka 15 ndipo ulinganishe. Haya, chukua kalamu: shamba moja lina misonobari ya mita 12 yenye miaka 8, jirani ina mita 12 na miaka 15. Wewe ungenunua lipi?