Nyumba ya Kwanza Kiserian Bila Dipoziti: Hiyo Pesa Inatoka Wapi?

Ukipita Magadi Road kutoka Rongai kwenda Kiserian, mabango ya ploti na nyumba hayaishi. Mengine yanasema lipa pole pole, mengine yanasema hakuna dipoziti. Wateja wetu wa upande huo wanatuuliza kama kweli mtu anaweza kununua nyumba yake ya kwanza bila kuweka chochote. Inawezekana, lakini dipoziti haipotei. Inahamia mahali pengine, na leo tunaifuata tuone inaenda wapi.

Tuchukue nyumba ya mfano ya KSh 4,000,000. Benki ikidai dipoziti ya asilimia 10, unatoa 400,000 na kukopa 3,600,000. Kwa riba ya asilimia 14 na miaka 20, utalipa kama 44,770 kila mwezi. Sasa tuseme umepata anayekukopesha bei yote. Malipo yanakuwa kama 49,740. Tofauti haifiki 5,000 kwa mwezi, na wengi wetu tunaona hiyo ni pesa ya kubana hapa na pale. Zidisha kwa miezi 240: inakaribia 1,193,000. Umekwepa laki nne leo, ukakubali kulipa karibu milioni moja na laki mbili baadaye.

Halafu kuna gharama ambazo mara nyingi haziingii kwa mkopo. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kama nyumba iko ndani ya manispaa, na asilimia 2 ikiwa nje. Kwa mfano wetu hiyo ni 160,000 au 80,000. Ongeza wakili, mthamini na ada za usajili. Kwa hivyo hata "bila dipoziti" inataka uwe na pesa mkononi, na si kidogo.

Ukiuliza sisi, riba ina uzito kuliko dipoziti. Mkopo wote wa 4,000,000 kwa asilimia 9, miaka ile ile 20, unalipwa kwa kama 35,990 kwa mwezi. Hiyo ni chini hata ya yule aliyeweka laki nne kwa asilimia 14! Ndiyo maana tunakushauri uulize benki au sacco yako kama inapata pesa kutoka KMRC, kampuni iliyoundwa 2018 kuzikopesha benki na sacco ili nazo zikupe mkopo wa nyumba wa riba nafuu. KMRC haikukopeshi wewe moja kwa moja. Mtu akikupigia akisema anatoka huko na anataka "ada ya usajili" kwa laini yake, kata simu.

Kama umeajiriwa na uko na mfuko wa pensheni wa kazini, angalia hapo pia. Kanuni za 2020 zinakuruhusu kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yako, isiyozidi KSh milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Ni dipoziti ambayo tayari umeiweka bila kuhisi. Lakini ni pesa ya uzeeni, kwa hivyo usiitoe kwa haraka.

Sacco nyingi hukopesha mara tatu ya akiba. Kupata 4,000,000 utahitaji akiba ya karibu 1,333,000, kwa hivyo hiyo akiba ndiyo dipoziti yenyewe, imebadilisha jina tu. Wengine huchukua mkopo wa sacco walipe dipoziti, kisha wanachukua wa benki walipe nyumba. Hapo tunasema pole pole. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote yazidi theluthi mbili ya mshahara, na benki itaona deni la sacco kwa payslip yako.

Kuhusu nyumba nafuu za serikali, kuna jambo moja linachanganya watu. Ile asilimia 1.5 inayokatwa kwa mshahara chini ya sheria ya 2024 ni tozo, si akiba yako. Haikupi nyumba. Unayetaka nyumba unajiandikisha Boma Yangu na kuweka akiba yako mwenyewe huko, hata kidogo kidogo kwa simu.

Sasa turudi Kiserian, kwa sababu wengi huko hawanunui nyumba iliyokamilika. Wananunua ploti kwa awamu, kisha wanajenga chumba kimoja kimoja. Hapa ndipo pesa hupotea. Taitoli inabaki kwa jina la muuzaji hadi umalize. Na kama ardhi bado ni ya kilimo, mauzo yanahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila kibali mkataba ni batili, na kinachobaki ni kudai pesa zako kama deni. Fikiria umelipa awamu miezi 24 na hakuna aliyeenda kwa bodi! Kwa hivyo kabla ya shilingi ya kwanza, fanya upekuzi rasmi wa taitoli, na umwambie wakili akuonyeshe kama kibali kinahitajika na nani atakiomba. Kama muuzaji ameoa au ameolewa, uliza pia kuhusu idhini ya mwenzake.

Na ukilipa kwa simu, lipa nambari ya kampuni au ya wakili, iliyoandikwa ndani ya mkataba. Usilipe laini ya broka, hata kama ni jirani. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Weka nambari ya ploti kwenye sehemu ya akaunti kila mara, si "shamba" tu. Usifute zile SMS, na kila baada ya miezi mitatu pakua taarifa ya miamala yako uihifadhi. Kama unauza mboga Kiserian na huna payslip, taarifa hiyo hiyo ndiyo utakayopeleka benki kuonyesha pesa inaingia, kwa hivyo anza kupokea malipo ya biashara kwa laini moja kuanzia mwezi huu.