Kwa Nini Padri Hujifunza Kuyaeleza Maandiko



Kila Dominika mwasikia masomo yakisomwa, kisha padri au shemasi hutoa homilia. Wapo kati yenu wanaouliza: "Biblia twaweza kuisoma kwa Kiswahili. Kwa nini basi kijana akae seminarini miaka mingi ili ajifunze kuieleza? Je, kujua kusoma hakutoshi?" Swali hili ni jema, nalo lastahili jibu. Katika somo la leo tutaona kwa nini Maandiko yahitaji kuelezwa, jinsi waseminari wanavyofundishwa kazi hiyo, na madhara yanayowapata watu pale neno moja la Biblia linapokamatwa na mengine yakaachwa.

1. Maandiko yahitaji kuelezwa

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 8. Mtu mmoja wa Ethiopia, mtunza hazina wa malkia, alikuwa amekaa garini mwake akisoma kitabu cha nabii Isaya. Kusoma alijua. Hata hivyo Filipo alipomwuliza kama anayafahamu anayoyasoma, alikiri kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza. Filipo akapanda, akaanza na andiko lilo hilo, akamweleza habari za Yesu. Walipofika penye maji, akabatizwa. Huyo ni ndugu yenu, mtu wa Afrika aliyefika kwenye ubatizo kwa njia ya Maandiko yaliyoelezwa vizuri.

Sababu yake yaonekana wazi. Biblia ni vitabu 73: Agano la Kale 46, Agano Jipya 27. Viliandikwa katika karne nyingi, kwa Kiebrania, Kiaramu na Kiyunani, na watu wa nchi na desturi zilizo mbali nasi. Mungu ndiye aliyesema, lakini alisema kwa kinywa cha watu, na kwa namna ya watu. Atakaye kumsikia Mungu asidharau kujifunza namna hiyo.

2. Mafunzo ya seminarini

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yadai miaka sita kamili ya masomo: angalau miwili ya falsafa na minne ya teolojia. Mtaguso wa Vatikano II, mwaka 1965, uliagiza kwamba Maandiko Matakatifu yawe ndiyo yanayoyapa uhai masomo yote ya teolojia. Kazi hii si ngeni katika Kongo. Stefano Kaoze, aliyelelewa na Mapadri Weupe upande wa Tanganyika, alipitia masomo marefu kabla ya kupewa upadri huko Baudouinville, tarehe 21 Julai 1917, akawa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Katika Kivu, mapadri wengi wamesomea seminari kuu ya Murhesa, karibu na Bukavu.

Mseminari anapopewa andiko, hufundishwa kuuliza maswali manne kwa utaratibu.

La kwanza: Mwandishi alitaka kusema nini? Papa Pius XII, mwaka 1943, aliwahimiza wasomi wachunguze aina ya kila andiko, maana wimbo hausomwi kama sheria, wala mfano hausomwi kama habari ya vita. Zaburi ikimwita Mungu mwamba, hakuna anayedhani kwamba Mungu ni jiwe.

La pili: Neno hili lakaa wapi? Hutazamwa yaliyotangulia na yanayofuata, na jinsi Biblia nzima inavyosema, kwa kuwa yote yaelekea kwa Kristo.

La tatu: Kanisa limelielewaje tangu Mitume? Mhubiri hakuja na Injili yake mwenyewe.

La nne: Latuambia nini sisi, leo na mahali hapa? Swali hili huja mwisho. Anayelianza kabla ya yale matatu mara nyingi huwapa watu mawazo yake, akidhani awapa Neno la Mungu.

3. Mfano: mpanzi na makoro

Tulijaribu andiko la mpanzi katika Mathayo 13. Yesu alikuwa amekaa chomboni, watu wamesimama ufukoni mwa ziwa la Galilaya. Kandokando ya ziwa lile yako mawe meusi ya volkano, na nyumba za kale za Kafarnaumu zilijengwa kwa mawe hayo. Basi sisi wa Rumangabo, tulio chini ya milima ya moto, hatuko mbali sana na wasikilizaji wale. Mkulima wetu ajua kwamba penye udongo mwembamba juu ya makoro, maharagwe huota upesi. Jua likiwaka, hukauka, kwa sababu mizizi haikupata pa kushuka. Aliye na shamba la namna hiyo amekwisha kuelewa nusu ya mfano.

Lakini mhubiri asiishie shambani. Yesu mwenyewe alieleza kwamba penye miamba ni mtu anayelipokea Neno kwa furaha, kisha taabu inapokuja huliacha. Tena mhubiri asithubutu kusema kwamba miamba ni kabila fulani, au kijiji cha ng'ambo. Mfano wamwuliza kila msikilizaji juu ya moyo wake, si juu ya jirani yake.

Mwingine atasema: "Makoro ya zamani sana hugeuka udongo wenye rutuba, basi hata moyo mgumu waweza kubadilika." Wazo hili ni jema, na ni kweli. Lakini mfano huu haukulisema. Mhubiri mwaminifu akilitumia, atasema wazi kwamba ni wazo lake. Huo ndio uaminifu ambao seminari yataka kumzoeza kijana.

4. Neno lililokamatwa vibaya

Sasa tutazame jambo zito. Mlima Nyiragongo ulilipuka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Watu walikufa, nyumba na mashamba yakafunikwa. Katika misiba ya namna hiyo hatukosi kusikia mtu akitaja moto wa Sodoma na kusema: "Waliokufa walikuwa wenye dhambi kuliko wengine." Maneno hayohayo husemwa juu ya waliofukuzwa makwao na vita. Mama aliyezika mtoto huambiwa kwamba Mungu amemlipiza. Ndivyo andiko lililotolewa kwa wokovu linavyogeuzwa kuwa jiwe la kumpiga aliyekwisha kuanguka.

Kristo ajibu nini? Someni Luka 13. Mnara wa Siloamu uliangukia watu kumi na wanane, wakafa. Yesu akakana kwamba walikuwa waovu kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Kisha akawaambia wote waliomsikiliza watubu. Hakuwahukumu marehemu. Aliwaonya walio hai. Someni pia 1 Wafalme 19: upepo mkali ukapita, tetemeko likaja, moto ukafuata, wala Bwana hakuwamo katika hayo, Eliya alimtambua katika sauti ndogo, tulivu.

Na habari ya Sodoma yenyewe? Kabla ya moto, twamwona Abrahamu akiuombea mji. Na nabii Ezekieli, sura ya 16, ataja kati ya dhambi za Sodoma kiburi, shibe, na kukataa kumsaidia maskini. Basi anayetaka kuitaja Sodoma penye msiba ajiulize kwanza amewapokeaje wakimbizi waliobisha mlangoni pake.

Mwaona sasa kwa nini Kanisa halikubali haraka katika mafunzo haya. Mganga asiyejua dawa huumiza mwili. Mhubiri asiyejua Maandiko huumiza roho.

5. Kuhubiri

Mtaguso, mwaka 1963, ulifundisha kwamba homilia ni sehemu ya liturujia yenyewe. Si hotuba wala masimulizi ya kuchekesha. Waseminari huzoezwa kuitayarisha kwa kusoma, kusali, na kuchagua jambo moja kubwa. Kisha kulisema kwa maneno ambayo bibi kizee na mtoto wa shule wayaelewa. Papa Fransisko, mwaka 2013, aliwaomba wahubiri wawe na homilia fupi, lakini matayarisho yake yawe marefu. Nasi makatekista, tunapoongoza sala ya Dominika mahali padri asipofika, twapaswa kujitayarisha vivyo hivyo kwa kadiri yetu.

6. Yanayowapasa ninyi

Soma andiko nyumbani kabla ya Dominika, au uombe mtoto aliye shuleni akusomee. Usikamate mstari mmoja. Soma sura nzima. Usipoelewa, uliza katekista au padri, kama yule Mwethiopia asiyeona haya kuuliza. Na ukisikia mtu akimhukumu mfiwa kwa maneno ya Biblia, mweleze kwa upole habari ya mnara wa Siloamu.

Maswali ya kukumbuka

S. Mwethiopia alijua kusoma, alikosa nini?
J. Alikosa mtu wa kumweleza Maandiko na kumfikisha kwa Kristo.

S. Swali la kwanza mbele ya andiko ni lipi?
J. Ni hili: mwandishi alitaka kusema nini?

S. Je, kila apatwaye na msiba ameadhibiwa kwa dhambi zake?
J. Hapana. Yesu alikana jambo hilo alipotaja watu wa Siloamu, akatuita sisi sote kutubu.

S. Mkristo afanye nini mbele ya aliyepatwa na msiba?
J. Amwombee, amfariji, na amsaidie kwa kadiri ya uwezo wake.

Sala: Ee Bwana, uwape mapadri wetu na waseminari wetu akili ya kuyafahamu Maandiko, nasi utupe masikio ya kuyasikia na mikono ya kuyatenda. Amina.