Kuchagua Masomo ya Gredi ya 10 Mpakani: Nafasi ya Fasihi ya Kiswahili Busia na Malaba

Utangulizi

Makala hii inashughulikia suala ambalo aghalabu huachiwa walimu washauri na wazazi, nalo ni jinsi mwanafunzi anayeingia sekondari ya juu anavyopanga masomo atakayoyasoma kwa miaka 3. Tumeteua miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya, kwa sababu mbili. Kwanza, katika miji hiyo lugha ni mtaji. Dereva wa lori, mbadilishaji wa fedha, ajenti wa forodha na mama muuza nafaka wote hutegemea Kiswahili kutwa kucha, hata kama nyumbani wanazungumza Kiteso, Kikhayo, Kisamia au Kiganda. Pili, mpaka huo hutenganisha mitaala miwili inayokipa Kiswahili nafasi zisizolingana. Tunashikilia kwamba mtaala mpya wa Kenya umekilinda Kiswahili kama lugha, lakini umeiacha fasihi yake mikononi mwa kijana wa miaka 14 au 15 ambaye mara nyingi hajaelezwa anachokichagua.

Uamuzi uliosogezwa mbele

Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, mwanafunzi aliyeingia Kidato cha 1 hakulazimika kujua siku hiyo atakuwa nani. Alisoma masomo mengi kwa miaka 2, akayaonja, akashindwa na mengine, kisha akayachuja alipokaribia Kidato cha 3 na kubaki na 7 au 8. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati hayakuguswa na mchujo huo. Mfumo huo unaelekea ukingoni, kwani watahiniwa wake wa mwisho wa KCSE ni wa mwaka 2027.

Chini ya Mtaala wa Umilisi, mchujo umetangulia mlangoni. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 walijaza machaguo yao katikati ya mwaka 2025, kabla hata hawajaufanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa mwaka huo, na wakaingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026. Kila mmoja alitakiwa kuteua mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Alitaja pia michanganyiko mitatu ya masomo na shule 12, yaani shule 4 kwa kila mchanganyiko. Katika kumpangia shule, alama za KJSEA zilihesabiwa kwa asilimia 60, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni asilimia 20.

Tatizo la kielimu hapa si idadi ya machaguo. Ni kwamba mwanafunzi anachagua asichokijua. Katika sekondari msingi anasoma masomo 9, na mengi kati ya hayo ni ya kuunganishwa. Fizikia, Kemia na Biolojia zimo ndani ya Sayansi Jumuishi. Muziki na riadha zimo katika somo moja. Anapoambiwa achague Fizikia aache Biolojia, huyo hajapata kuisoma Fizikia kama somo linalojitegemea hata siku moja. Hali ya Kiswahili haina tofauti kubwa: amekisoma kama somo moja, kisha anakuta kimegawanyika.

(Tungependa kutaja kwa kupita kwamba sisi Wakenya bado hatujapata istilahi iliyotulia ya jambo hili. Wengine husema mkondo, wengine njia, wengine mchanganyiko. Wenzetu wa Tanzania wana neno tahasusi, ambalo limezoeleka kiasi kwamba mwanafunzi wa Kidato cha 5 husema bila kusita kuwa yeye ni wa HKL au HGK. Hatuoni sababu ya kutoliazima.)

Kiswahili cha lazima na Fasihi ya kuchaguliwa

Masomo ya lazima katika sekondari ya juu ni Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, Elimu ya Mwili, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Hisabati haikuwamo katika orodha ya mwanzo. Ilirejeshwa mwaka 2025 baada ya malalamiko ya umma, ikiwa ya aina mbili: ile nzito kwa walio katika mkondo wa sayansi, na ile nyepesi zaidi kwa wengine. Juu ya hayo mwanafunzi huongeza masomo 3 ya kuchagua, yasiyopungua 2 yakiwa ya mkondo wake.

Fasihi ya Kiswahili imo katika masomo hayo ya kuchagua, katika tawi la Lugha na Fasihi la mkondo wa Sayansi za Jamii. Humo imo pamoja na Fasihi ya Kiingereza, lugha za kiasili, Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kichina. Ili kuupima uzito wa badiliko hili, tukumbuke mtihani wa KCSE wa Kiswahili ulivyo. Una karatasi tatu: Insha alama 40, Lugha alama 80, na Fasihi alama 80. Kwa hiyo asilimia 40 ya alama za kila mtahiniwa nchini, awe anaelekea udaktari au useremala, hutokana na fasihi. Mtahiniwa wa Malaba anayetaka kuwa mhandisi amelazimika kuisoma tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, na riwaya ya Clara Momanyi, Nguu za Jadi, sawa na mwenzake anayetaka kuwa mwalimu wa Kiswahili. Baada ya mwaka 2027 ulazima huo hautakuwapo kwa sura hiyo.

Wapo watakaosema kwamba ni afadhali wachache wanaoipenda fasihi waisome kwa kina kuliko wote kukaririshwa majibu ya maswali ya dondoo. Hoja hiyo ina mashiko, na yeyote aliyewahi kusahihisha majibu ya dondoo anaijua. Hata hivyo, inachukulia kwamba wanaoipenda watajijua mapema, na kwamba watakapoitaka wataikuta shuleni. Mambo hayo mawili hayana hakika, hasa huku mpakani.

Serikali imekadiria kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wataingia mkondo wa sayansi, 25 Sayansi za Jamii, na 15 Sanaa na Michezo. Fasihi ya Kiswahili basi inatafuta wasomaji wake hasa katika ile robo, tena humo inashindana na Historia, Jiografia, Masomo ya Biashara na masomo ya dini.

Mzazi wa mpakani na swali lake

Tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha katika shule moja iliyo karibu na mpaka, mzazi mmoja alituuliza swali ambalo hatujalisahau. "Mwalimu," alisema, "hiki Kiswahili si ndicho tunachozungumza sokoni? Sasa mtoto akakisome mara mbili ya nini?" Tulimjibu, "Mzee wangu, cha lazima kitamfunza kuandika barua na ripoti. Hiki cha kuchagua kitamfunza kusoma watu." Alicheka, akasema watu anawasoma kila siku kizuizini. Lazima tukiri kwamba jibu letu lilikuwa jepesi kuliko swali lake.

Swali lake linastahili jibu la vitendo. Tumchukulie binti wa kubuni, mkazi wa Malaba, ambaye baba yake ni ajenti wa forodha na ambaye angependa kazi ya mpakani. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kuzinduliwa Busia mwaka 2018, na Malaba nayo ikiwa na chake, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na malori hupita kuelekea Kampala, Kigali, Bujumbura na mashariki ya Kongo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiswahili na Kifaransa sasa ni lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Mchanganyiko wa Fasihi ya Kiswahili, Kifaransa na Masomo ya Biashara ungemfaa mno binti huyu: awe ajenti, mfasiri, mwanahabari au ofisa wa Jumuiya.

Lakini je, ataupata? Chaguo lililo katika orodha ya wizara si lazima liwe katika ratiba ya shule. Shule ya kutwa yenye walimu wachache haiwezi kufungua darasa la Kifaransa kwa wanafunzi 4. Kwa hiyo, kabla ya kuandika jina la shule katika fomu, binti huyu na babaye wanapaswa kwenda kuuliza mambo matatu mahususi: ni michanganyiko gani inayofunzwa kwa hakika, ni mwalimu gani anayeifunza, na kama Fasihi ya Kiswahili ina saa zake katika ratiba au inabebwa na mwalimu wa Kiswahili cha lazima wakati wa ziada. Shule ikisita kujibu swali la pili, na ahesabu kwamba somo hilo halipo.

Chaguo la pili la binti huyu lingekuwa Jiografia, Historia na Fasihi ya Kiswahili, ambayo ni masomo yasiyohitaji maabara na yanayoweza kupatikana karibu na nyumbani. La tatu laweza kuwa la sayansi, kama alama zake zinaruhusu. Ila ajue kwamba akiwa katika Sayansi za Jamii atasoma ile Hisabati nyepesi. Ikiwa moyoni anawaza shahada inayodai Hisabati nzito, ni heri aseme sasa kuliko kugundua akiwa Gredi ya 12. Na ikiwa anawaza ualimu wa Kiswahili, asidanganyike kwamba somo la lazima pekee litamtosha kujiandaa kwa kozi za ushairi, riwaya na nadharia zinazomngoja chuoni.

Ng'ambo ya mpaka

Mita mia chache kutoka hapo, binamu ya binti huyu anasoma upande wa Uganda. Waiteso na Wasamia wako pande zote mbili, hivyo mfano huu si wa kulazimisha. Katika mtaala wa sekondari ya chini ulioanza Uganda mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika Kidato cha 1 na cha 2. Kuanzia Kidato cha 3 kinakuwa cha kuchaguliwa. Kwa hiyo upande mmoja lugha ni ya lazima hadi mwisho na fasihi ni hiari. Upande wa pili lugha yenyewe inakuwa hiari katikati ya safari. Hayo yanatokea ilhali baraza la mawaziri la Uganda liliazimia mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi.

Tofauti hii yaweza kuwa fursa kwa mwanafunzi wa Busia. Shule za ng'ambo zinahitaji walimu wa Kiswahili. Tena mpaka wenyewe ni hazina ya fasihi simulizi na ya msamiati: ni hapa ambapo waendeshaji baiskeli waliwavusha abiria kutoka boda hadi boda, na neno bodaboda likaenea Afrika Mashariki nzima. Mwanafunzi wa Fasihi aliye Malaba hahitaji kwenda mbali kutafuta vitanza ndimi, utani wa madereva au nyimbo za harusi za Kiteso za kulinganisha na za Kiswahili.

Wajibu wa chama

Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2022, kiko kwenye barabara inayounganisha miji hii miwili, na shule nyingi za sekondari msingi ziko ndani ya nyua za shule za msingi, mwendo mfupi kutoka barabarani. Wanachama wetu wanaotoka maeneo haya hurudi nyumbani kila likizo. Tunapendekeza kila mmoja aombe kipindi kimoja cha Gredi ya 9 katika muhula wa kwanza, kabla fomu hazijafunguliwa, aingie na shairi moja na hadithi fupi moja, na awaeleze wanafunzi kwa lugha nyepesi tofauti kati ya Kiswahili cha lazima na Fasihi ya Kiswahili. Abebe pia orodha ya michanganyiko inayofunzwa kwa hakika katika shule za kaunti ndogo hiyo, iliyokusanywa kwa kuuliza shule kwa shule, na aiache ubaoni.