Pampu ya Klorini: Ikipiga Si Lazima Iwe Inaingiza Dawa

Mwanzoni mwa mwaka wa 2015, Migori na Homa Bay zilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza nchini kukumbwa na mlipuko wa kipindupindu. Kinga mojawapo ni maji yaliyotiwa klorini. Katika miradi ya maji ya bomba, dawa hiyo huingizwa na pampu ndogo inayoisukuma kidogo kidogo ndani ya bomba kuu.

Hatari ni kwamba pampu inaweza kupiga siku nzima bila dawa kuingia. Maji hubaki maangavu na mkazi hawezi kutambua.

Kwa nini dawa hukwama

Klorini huacha chembe nyeupe ngumu kwenye vali, chujio na mahali dawa inapoingilia bomba. Pia hutoa gesi, hasa wakati wa joto, na gesi ikijaa kichwani mwa pampu, dawa haivutwi. Mpira wa ndani unaosukuma dawa nao huchakaa. Hata dawa yenyewe hupoteza nguvu ikiwekwa juani.

Kabla ya kufungua pampu

1. Fundi avae glavu za mpira, miwani ya kufunika macho na aproni. Madirisha yawe wazi na mtu wa pili awe karibu.
2. Mrija wa kuvutia utolewe kwenye pipa la dawa na kutiwa kwenye ndoo ya maji safi, kisha pampu iachwe ivute maji hadi dawa iishe ndani.
3. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na vali ya kuingia bomba kuu ifungwe.
4. Presha itolewe taratibu kabla ya kulegeza mrija wowote. Dawa iliyobanwa huruka usoni.

Wakati wa kusafisha

Chembe zilizoganda huyeyushwa kwa siki. Hata hivyo, siki au asidi yoyote ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu. Kwa hivyo sehemu zote zisuuzwe kwanza kwa maji mengi, na kazi ifanyiwe nje. Wakati wa kuchanganya dawa mpya, unga wa klorini hutiwa kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya unga.

Dawa ikiingia jichoni, jicho lisafishwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mgonjwa apelekwe hospitalini.

Kuhakikisha dawa inaingia

Chukulia mradi unaopitisha lita 10,000 kwa saa, na kila lita inahitaji miligramu 2 za klorini. Hizo ni gramu 20 kwa saa. Ikiwa kila lita ya dawa ina gramu 10 za klorini, pampu inapaswa kuvuta lita 2 kwa saa, yaani takriban mililita 33 kwa dakika. Fundi apime kwa chombo chenye alama na saa mkononi.

Kipimo cha mwisho ni mferejini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita pale mkazi anapotekea maji.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama. Mkazi anaweza kuuliza kamati yake ya maji: mfereji wa mwisho ulipimwa lini, na ulisoma ngapi?