Mzee Atunzwe Nyumbani, Shamba Libaki Lake

Karatasi ni moja tu: jina, mipaka inayohesabiwa kwa mikorosho, na alama ya dole gumba. Kijana ameahidi kupika, kufua na kumpeleka bibi hospitali. Bibi amempa shamba. Kisarawe na Kibaha, ambako watu wa Dar es Salaam hawaishi kutafuta viwanja, hakuna njia ya kulipia matunzo ya uzeeni iliyo ghali kuliko hii. Kijana akiondoka, ardhi imekwenda naye.

Mzee anayetaka kumshukuru anayemtunza aandike wosia, kwa sababu wosia hubadilishwa wakati wowote angali hai. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa, na ardhi ya kijiji haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Aliyekwisha kutia dole apeleke nakala kwa msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inampa asiye na uwezo huduma hiyo bure.

Je, Serikali inadaiwa nini? Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka iweke utaratibu wa kuwasaidia watu wakati wa uzee na maradhi, lakini Ibara ya 7(2) inazuia mahakama kulitekeleza hilo. Kwa hiyo mzee wa Maneromango hawezi kushtaki ili apewe mhudumu wa nyumbani. Pengo hili linaumiza, na Bunge lina wajibu wa kuliziba. Zanzibar imethubutu: tangu 2016 inawalipa wazee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya kila mwezi, hata wale ambao hawakuwahi kuajiriwa.

Yanayodaika leo yadaiwe. Mwenye miaka 60 au zaidi asiye na uwezo hutibiwa bure katika vituo vya Serikali. Aanzie kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, kisha kwa afisa ustawi wa jamii. Asiyeweza kutembea amtume ndugu, aombe afisa afike nyumbani. Majina ya kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Serikali, hujadiliwa katika mkutano wa kijiji au mtaa, hivyo familia isikose.

Na watoto wakichanga kumwajiri msaidizi, sheria za kazi zinamlinda naye: makubaliano ya maandishi, kima cha chini, siku ya mapumziko. Kaya mbili jirani zinaweza kugawana siku zake na mshahara wake, mradi kila moja iandike sehemu yake.