Watoto Wawili na Bendera

Katika jimbo la Pennsylvania, nchi ya Marekani, uko mji mdogo wa machimbo ya makaa uitwao Minersville. Mwaka 1935 walisoma humo Lillian Gobitas, mwenye umri wa miaka 12, na ndugu yake William, mwenye miaka 10. Ilikuwa desturi ya wanafunzi, kila asubuhi, kuinyoshea mkono bendera ya taifa na kutamka kiapo cha utii. Lakini watoto hawa walikuwa Mashahidi wa Yehova, nao Mashahidi huona kwamba kuiamkia bendera hivyo ni sawa na kuisujudia sanamu. Basi wakakataa. William aliwaandikia wakuu wa shule barua kwa mkono wake, akaeleza kwamba aipenda nchi yake, ila ampenda Mungu zaidi. Wakafukuzwa wote wawili.

Baba yao akaenda kushtaki. Alitegemea nyongeza ya sheria kuu iliyotiwa mwaka 1791, ambayo yakataza serikali kuweka dini ya taifa au kumzuia mtu kuifuata dini yake. Mahakama mbili za chini zikampa haki. Lakini mwezi wa Juni 1940 Mahakama Kuu ya nchi ikaamua kinyume: majaji wanane walisema kwamba shule yaweza kuwalazimisha watoto kwa ajili ya umoja wa taifa, mmoja tu, Harlan Stone, akapinga. Siku zile vita ilikuwa ikiwaka Ulaya, na watu walijaa hofu. Mashahidi wakapigwa katika miji mingi, na huko Kennebunk, jimbo la Maine, jumba lao likatiwa moto.

Haikupita miaka mingi, shauri kama hilo likaletwa kutoka West Virginia, kwa ajili ya wasichana wa jamaa ya Barnett. (Makarani waliyakosea majina ya jamaa zote mbili, hata mashauri hayo yaitwa Gobitis na Barnette mpaka leo.) Tarehe 14 Juni 1943, Marekani yenyewe ikiwa vitani, Mahakama ile ile iliitangua hukumu yake, majaji sita kwa watatu. Jaji Robert Jackson aliandika kwamba mwenye mamlaka yeyote hana ruhusa kuwaamuru raia la kuamini, wala kuwashurutisha kulikiri kwa kinywa. Naye hakuiweka hukumu juu ya dini peke yake, bali juu ya uhuru wa kusema na wa kunyamaza. Kwa hiyo yamlinda hata mtoto asiye na dini. Katika shule za serikali za Marekani kiapo hicho kingali kikitamkwa, na mwanafunzi asiyetaka hukaa kimya, wala hafukuzwi.