Kabla ya Nyumba ya Kinyerezi, Maliza na Wanaokudai

Dalali amekuzungusha kutoka Kinyerezi mpaka Kifuru, na moyo umetua kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye kisima na hati. Benki nayo imesema njoo tuzungumze. Usiende bado. Afisa mikopo ataanza na historia ya madeni yako, na mara nyingi kinachomkwamisha mtu ni kijideni alichokisahau.

1. Jichungulie kwanza. Benki Kuu inatunza kanzidata ya wakopaji, na kampuni zenye leseni, kama Creditinfo Tanzania, hutoa ripoti ambazo benki huzisoma. Nenda na kitambulisho cha NIDA uombe yako. Pitia kila mstari: nani anadai, kiasi gani, umechelewa siku ngapi. Ukikuta deni ulilokwisha kulipa, peleka risiti mapema, maana masahihisho huchukua muda.

2. Usidharau mkopo wa simu. M-Pawa, iliyoanza 2014, ni mkopo wa benki hata kama ulikujia kupitia simu ya mkononi. Ulikopa shilingi 30,000, ukabadili laini, na meseji za kukumbusha zikaendelea kwenda kwenye namba uliyoitupa. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa, benki huuhesabu kuwa chechefu. Madeni ya namna hii yalipe leo hii, yote.

3. Deni likishafika kwa wakusanya madeni, nenda taratibu. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa sababu wanalipa kwa hofu. Anayekupigia mwombe barua: ametumwa na nani, deni la msingi ni kiasi gani, riba ngapi, faini ngapi. Kisha mpigie aliyekukopesha mwenyewe umuulize kama anamtambua. Usitume hata senti kwenye namba ya mtu binafsi. Kama una fedha ya mkupuo, omba wakupunguzie faini. Wakopeshaji wengi husikiliza anayekuja na fedha mkononi. Ila makubaliano yaandikwe kabla hujalipa, na yatamke wazi kwamba ukilipa kiasi hicho deni limekwisha. Risiti tupu inaonyesha tu kwamba umepunguza.

Wale wa kausha damu, yaani wakopeshaji wa riba kali, wana mambo yao. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Tazama kama aliyekukopesha yumo. Na akianza kumtumia mama mkwe au bosi wako meseji za kukuaibisha, zihifadhi zote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake inapokea malalamiko. Kudaiwa hakumpi mtu ruhusa ya kukudhalilisha.

4. Kumbuka uliowadhamini. Ile fomu ya SACCOS uliyomsainia shemeji inakuhusu asipolipa. Muulize amefikia wapi, na uone karatasi kwa macho yako.

5. Piga hesabu ya mshahara. Kama ulisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa. Benki itaangalia makato yote, na mfanyakazi anatakiwa kubaki na angalau theluthi moja ya mshahara. Wakati mwingine kumaliza mkopo mdogo wa kazini kunafungua nafasi kubwa kuliko kuongeza akiba.

6. Ukimaliza kulipa, bado kuna makaratasi. Chukua barua ya kumaliza deni. Kama uliweka hati ya kiwanja rehani, hakikisha rehani imefutwa kwa Msajili wa Hati; kurudishiwa hati mkononi hakutoshi. Halafu omba ripoti upya, na uende benki pale tu inapoonyesha deni limefungwa.

Wiki hizo za kusubiri, dalali atakupigia kila siku kwamba kuna mteja mwingine. Mwenye nyumba akitaka fedha ya kushikilia, mtafute wakili aandike mkataba wenye kipengele kimoja nisichokubali kikosekane: benki ikikataa mkopo, fedha hiyo inarudi yote, na tarehe ya kurudi iandikwe.